Tulivyoomba ubia na serikali tujenge kituo cha afya cha kabila, halafu wagonjwa wote wakasema hawaumwi

Wakuu, salaam kutoka Muscat.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Kazi yangu kusoma nyuzi za watu na kucheka peke yangu ofisini. Leo zamu yangu. Ninachoandika kimetokea, sio chai, na anayeona ni chai basi anywe taratibu maana bado ya moto.

Majina nimebadilisha. Kabila sitaji, kijiji sitaji, ofisi ya serikali sitaji. Msinifuate PM kuuliza.

Nianze na mimi ni nani, maana najua kuna wajuaji watauliza huyu Mmanga gani anaandika Kiswahili cha Tabora.

Ni kweli, mimi ni wa Tabora. Nimezaliwa Isevya, nimesoma pale mpaka darasa la nne. Babu yake babu alitoka milima ya huku Oman akaenda kutafuta maisha, akaoa, wakazaliana, mpaka tukafika sisi ambao Kiarabu tulikijua cha kuswalia tu. Baba alipoamua kurudi "kwao", alirudi mahali ambapo macho yake hayajawahi kupaona.

Huku wenyeji wanatuita Wazinjibari. Wote tuliotoka Afrika ni Wazinjibari, uwe wa Tabora, wa Kigoma au wa Bujumbura. Mimi Unguja nimepita nikibadilisha ndege tu, lakini nimeshachoka kueleza.

Nafanya kazi kampuni moja ya ujenzi, kitengo cha zabuni. Naandaa makaratasi ya kuombea tenda, basi. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniingiza kwenye huu mkasa.

Sasa niwatambulishe watu wawili ambao uzi huu ni wao.

Wa kwanza ni mama yangu. Ana sukari ya siku nyingi, na mguu wa kulia ulikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Wakati huo alikuwa anakaa na mimi Azaiba, hapa Muscat, ghorofa ya tatu, dirisha lake linatazama duka la mapazia na mahali pa kuoshea magari. Kila baada ya siku moja ilikuwa lazima apelekwe kliniki akasafishwe kidonda.

Wa pili ni Shangazi Nasra, dada yake marehemu baba. Yaani wifi yake mama. Lakini neno wifi halitoshi hapa, wakuu. Mama aliletwa nyumba ile kuolewa akiwa msichana mdogo, wakalala chumba kimoja na Nasra mpaka harusi ilipopita, wakapika chungu kimoja, wakazaa mwaka mmoja, wakapanda ndege moja kuja huku wakiwa wameshikana mikono maana wote walikuwa wanaogopa.

Waume zao walipofariki, walihamia kijijini kwa kabila, milimani. Ukitoka Muscat unashika njia ya Yiti, halafu kabla ya kufika baharini unakata kuingia bondeni. Lami inaisha, unabaki na mawe. Gari dogo halifiki. Mvua ikinyesha juu, bonde linajaa maji na hupiti mpaka yashuke, hata uwe na haraka ya namna gani.

Wawili wale walipapenda. Walikuwa na mbuzi, na kwenye ule mfereji wa maji wa kijiji walipanda muhogo. Ndiyo, muhogo, katikati ya mitende. Wenyeji walikuwa wanawashangaa wanavyotwanga majani ya mti na kuyala.

Mguu wa mama ulipoharibika nikamshusha Azaiba. Ilikuwa iwe kwa muda tu.

Ule "muda tu" ukawa miaka.

Najua mtauliza, kwa nini Shangazi asishuke akae naye? Alishuka. Alikaa wiki moja. Akasema nyumba gani hii mtu huwezi kukaa nje ukaona nani anapita? Halafu mbuzi wake wanakula nini? Akarudi.

Basi ikabaki simu. Kila asubuhi baada ya swala wanarushiana sauti WhatsApp. Mama anaishika simu mbele ya mdomo kama anataka kuiuma.

"Mwangaluka, wifi. Sisi huku wazima."

Inarudi ya Shangazi: "Mwangaluka, wifi. Wazima kabisa. Yule mbuzi mweusi kazaa."

Hiyo mwangaluka ndiyo salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, kwa msiojua. Nadhani wao wawili ndio pekee walioamkiana hivyo Muscat nzima. Mama anasikiliza ile sauti, anairudia, halafu anaiweka simu mapajani na kutazama duka la mapazia. Chakula anakigusagusa tu. Nikimuuliza ana nini, anasema, "Nina hamu na Nasra."

Hamu hiyo sijui niielezeje. Nina mke, nina watoto, nyumba ina kelele na vicheko, lakini ukimtazama mama unajua kabisa yeye hayupo pale. Ilikuwa inaniumiza, na inanikera pia, kwa sababu hakuna nilichoweza kukinunua kikaondoa.

Haya, twende kwenye ubia wenyewe.

Idi moja tulikuwa kijijini, wanaume wote kwenye sabla. Sabla ni ule ukumbi wa kabila wa kupokelea wageni na kuzungumzia mambo. Mnakaa chini kuzunguka ukuta, kwa heshima: Sheikh wa kabila juu kabisa, wazee, halafu wengine. Sisi Wazinjibari huwa tunajikuta karibu na mlango, jirani na viatu. Hakuna aliyetuambia tukae pale, unajikuta tu.

Mwaka ule kulikuwa na mzee amefia njiani, bonde limejaa maji, gari limesimama upande huu na ambulensi upande ule. Kila mtu alikuwa analiwaza hilo.

Binamu yangu mmoja akasema amesikia serikali ina mpango wa ubia na jamii. Kabila linatoa ardhi na kujenga jengo, serikali inaleta wauguzi, dawa na uendeshaji. Kinachotakiwa ni maombi yaliyoandikwa vizuri.

Vichwa vyote vikageuka mlangoni.

Sheikh akaniita nikakae karibu yake. Wakuu, nilivuka ule ukumbi mzima kwa miguu mitupu huku kichwa kimevimba. Nikakubali kabla hata hajamaliza kuomba.

Niwe mkweli, kabila lilikuwa la pili akilini mwangu. Kilichonijia ni kidonda cha mama kikisafishwa palepale kijijini, na yeye na Shangazi wakikaa kibarazani wakichambua majani ya muhogo. Nilijua kikijengwa kituo tu, mama anarudi kwa Nasra. Kisipojengwa, atafia mbele ya duka la mapazia.

Nikaandika proposal. Nimeandika nyingi maishani lakini hii niliiandika kwa roho. Ramani, hati ya ardhi yenye muhuri wa Sheikh, maelezo ya barabara, picha za bonde likiwa limejaa.

Grupu la WhatsApp la kabila likachafuka. Mmoja anataka jengo liitwe jina la babu yake. Mwingine anasema mlango usitazame magharibi, jua litawapiga wagonjwa. Kuna kijana wa Seeb akataka tuweke na uwanja wa helikopta. Nilitamani kutoka grupu, ila mkuu, mtu unatokaje kwenye kabila?

Mwisho tukapeleka. Tukasubiri. Halafu ikaja habari kwamba watakuja maofisa kufanya tathmini ya mahitaji. Waone wenyewe kama kweli watu wanaumwa na huduma iko mbali.

Hapo ndipo tulipojimaliza.

Kwa mtu yeyote mwingine, ofisa anayekuja kukagua shida zako, unamwonyesha shida zako. Kwa kabila langu, anayekuja mlangoni ni mgeni kwanza, vyeo baadaye. Na mgeni ana haki zake.

Walichinja mbuzi sikumbuki wangapi. Zikaletwa sinia za wali, halua, tende za kila aina. Wanaume wa kabila waliokuwa Muscat, Sohar, hadi wa Nizwa, wakaja na magari makubwa, wakayapanga nje, wamevaa vilemba vya sikukuu na majambia kiunoni. Ukiangalia unaona hawa watu hawana dhiki hata ya sindano.

Halafu kuna desturi ya habari. Mgeni akishakaa na kunywa kahawa, mnaulizana habari, na jibu ni moja tu: "Ma shay ulum." Hakuna habari. Yaani hakuna vita, hakuna msiba, hakuna baya, sote salama. Hata kama jana umezika, mbele ya mgeni unaanza na hilo. Kumwagia mgeni matatizo yako wakati hajameza tende ni kumfukuza.

Ofisa, kijana mstaarabu tu, akafungua faili lake akauliza, "Wazee wangu, hali za afya hapa zikoje?"

Sheikh: "Alhamdulillah. Hatuna neno."

Akamuuliza wa pili. "Kheri tupu."

Wa tatu ni mzee ambaye mimi mwenyewe nilishamkimbiza hospitali na moyo wake. Alijishika kifua, akacheka, akasema yeye bado anapanda mlima mbio na mbuzi wanabaki nyuma.

Nikajaribu kuingilia. Nikasema kwa adabu kwamba kuna wagonjwa hapa. Sheikh akanitazama mara moja tu, nikaona wali wangu unanihitaji.

Maofisa walikula, wakashukuru, wakaondoka na halua kwenye mifuko.

Jibu lilikuja la heshima. Jamii ina uwezo mzuri, hali ya afya inaridhisha, uhitaji haujaonekana. Waendelee kutumia kituo kilichopo.

Sikuwalaumu. Wameandika walichoambiwa.

Nilimwambia mama jioni. Hakusema kitu kibaya. Alisema "Basi," akaomba nimfungie pazia. Kuanzia siku ile akaacha kuuliza kituo kimefikia wapi. Mnajua mtu akiacha kuuliza inavyouma kuliko akiuliza kila siku? Sauti za WhatsApp ziliendelea, mwangaluka wifi, wazima, wazima kabisa, lakini alikuwa hazirudii tena. Anasikiliza mara moja, anaweka simu chini.

Nikakata rufaa. Niliandika kwamba wanawake hawakuulizwa, jambo ambalo ni kweli, maana maofisa walikuwa wanaume na hawakuvuka kwenda upande wa wanawake. Wakajibu sawa, watamleta daktari mwanamke.

Nikakimbia kwa Sheikh. Nikamwomba, safari hii tafadhali, wasipike sana, na watu waseme ukweli.

Akasema kwa Kiarabu, nawatafsiria: "Mwanangu, unataka nimkaribishe mtu nyumbani kwangu halafu nimlilie?"

Yule mzee hakuwa na kiburi. Alikuwa anatunza kitu alichopokea kwa baba yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mgeni wa aina nyingine.

Mbuzi wakachinjwa tena. Zaidi ya mara ya kwanza.

Yaliyotokea upande wa wanawake nimeyapata kwa mke wangu Rukia, ambaye alikuwa akihudumia, na baadaye kwa mama mwenyewe. Mama nilimpandisha siku ile kwa makusudi, na kidonda chake kimefungwa vizuri. Yeye na Shangazi walipoonana mlangoni walishikana tu, kwa muda, mpaka watu wakaanza kuwapita pembeni.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, kitambaa kimefungwa vizuri, Kiarabu chake cha milimani kabisa, kile cha kukata maneno. Jina lake la kabila la ndani huko. Kila mtu akajua huyu ni wa huku huku.

Wakamkalisha katikati ya mama na Shangazi, kwa kuwa ndio wakubwa. Shangazi ndiye mwenyeji, kwa hiyo ndiye mwenye kumimina kahawa.

Daktari akauliza kwa Kiarabu, "Mama, afya yako vipi?"

"Bi kheir, alhamdulillah," Shangazi akajibu huku anamimina. Kahawa ikaenda yote kwenye sinia, pembeni ya kikombe.

Mama akaona. Akatabasamu kumwelekea mgeni kama mtu anayesifu wali, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Wifi, mbona unamwaga?"

"Sikioni kikombe."

"Hukioni vipi?"

"Jicho la kushoto lilishakwisha zamani. Hili jingine linaona vivuli tu. Cheka, wifi, mgeni anatutazama."

Mama akacheka. Rukia anasema alicheka vizuri kabisa, na machozi yanamtoka.

"Na kila asubuhi unaniambia mzima."

"Na wewe huo mguu?"

"Wanataka kukata kidole. Labda viwili."

"Na kila asubuhi unaniambia mzima," Shangazi akasema, na yeye anatabasamu kuelekea pale alipodhani mgeni amekaa.

Wakuu, mimi nimekaa na mama nyumba moja. Kidole hicho sikuwa nakijua. Alimkataza muuguzi asiniambie.

Basi wote wawili wakaendelea kumtabasamia daktari, na wanawake wengine wanazungumza Kiarabu chao. Daktari akakiweka kikombe chake chini polepole. Akasema kwa Kiswahili cha Unguja, safi kama aliyekinyonya:

"Kidole kipi hicho, bibi?"

Rukia anasema sinia ilitaka kumponyoka.

Muscat hii, jamani! Ukiwa sokoni usimsengenye mtu kwa Kiswahili, hilo kila mtoto wetu anafundishwa. Nusu ya watu unaowapita bibi zao wamezaliwa Unguja. Lakini lile jina na kile Kiarabu viliwapumbaza wazee wangu.

Shangazi alijifunika uso mzima kwa leso yake. Kutoka mle ndani ya leso, akasema, "Mwanangu, ongeza halua."

"Halua ntakula, bibi. Lakini leo nnataka mniambie kweli. Mie bibi yangu alikuwa hivi hivi. Akiumwa hasemi, ukimuuliza yeye mzima. Mpaka siku tuliyomkuta sakafuni."

Akamshika Shangazi uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama macho. Wale wanawake wengine wakauliza kuna nini, kinasemwa nini. Rukia akawatafsiria. Mmoja akasema yeye anakojoa damu tangu mfungo ulipoisha. Mwingine akafunua goti. Mwingine akamtoa binti yake mjamzito chumba cha ndani, miguu imevimba kama magogo. Ikawa zamu kwa zamu mpaka wali ukapoa.

Sisi huku sablani tulikuwa hatujui lolote, tunakula na kusema kheri, kheri.

Daktari alivyotoka akaomba kumsalimu Sheikh kabla ya kuondoka. Akasimama mlangoni kwa adabu zote, akashukuru chakula, akasifu mbuzi. Kisha akasema ana ombi moja kama mgeni.

Sheikh akasema, ombi la mgeni ni amri.

"Nataka nipime presha za wazee wangu wote. Na nianze na wewe."

Wakuu, nilitamani kupiga vigelegele. Kwenye kabila langu unaweza kumnyima mtoto wako, ukamnyima hata ndugu yako, lakini mgeni aliyekula chakula chako akiomba kitu huna pa kukimbilia. Sheikh akakunja mkono wa kanzu. Wazee wote wakakunja.

Akampima Sheikh. Akapima tena. Akamwomba, bado kama mgeni, amsindikize mjini kwa gari lake mwenyewe, sasa hivi. Yule bwana akalazwa siku ile ile. Madaktari walisema angechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine.

Ubia ukakubaliwa. Jengo lenyewe litachukua muda, sasa hivi wako kwenye msingi, na kijana wa Seeb bado anaulizia uwanja wake wa helikopta. Lakini walisema tukitoa chumba cha kuanzia, muuguzi ataletwa mara tatu kwa wiki, na gari la kuvukia bonde, na friji ya dawa.

Tukaulizana chumba gani. Nyumba nyingi kule ni ndogo na za zamani.

Sheikh alikuwa ametoka hospitali, amekonda. Akasema, chukueni sabla.

Hakuna aliyeamini. Akarudia: sabla ina milango miwili, ina maji, gari linafika mpaka mlangoni, mnatafuta nini tena? Sasa wanaume wanakunywa kahawa nje chini ya kibanda cha makuti, na ndani pale Sheikh alipokuwa anakaa kuna kitanda cha kupimia.

Mama alikatwa vidole viwili. Kidonda kilipotulia nikampandisha na sanduku lake, na safari hii sikumwambia ni kwa muda.

Shangazi tulimleta hospitali ya macho Muscat. Ilikuwa presha ya macho. Wakatuambia wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba angeletwa mapema jicho moja lingeokoka. Kile kivuli kidogo alichobaki nacho nacho kikaondoka baada ya miezi. Alilipokea jambo hilo vizuri kuliko mimi. Mimi mpaka leo nikiwaza zile sauti za kila asubuhi, "wazima kabisa, yule mbuzi mweusi kazaa", na kumbe mbuzi mwenyewe alikuwa anampapasa, naweka kijiko chini.

Somo? Kwa wanaotaka kuomba ubia na serikali, iwe kabila au kijiji au kikundi chochote, nawaambia hivi: makaratasi ndiyo sehemu rahisi. Kaeni kwanza na watu wenu muulizane nani anaumwa nini, wenyewe kwa wenyewe, kabla mgeni hajaja. Sisi tulikuwa tunaomba hospitali huku kila mtu anamficha jirani yake.

Na kwa wenye wazazi mbali, pigeni video. Mwambie ainuke atembee, akuonyeshe miguu, asome kitu kilichoandikwa ukutani. Akisema "wazima" usikate simu.

Wenye uzoefu wa ubia wa aina hii Tanzania au Kenya njooni mtujuze kwenu inakuwaje. Na wanaotaka kunisema kwamba nilikaa na mama bila kujua habari ya kidole, semeni tu, nimeshajisema sana.

Ila kabla hamjaanza, niwape ya Ijumaa iliyopita.

Nilipanda na watoto. Nikawakuta kibarazani, wamekaa bega kwa bega, mguu wa mama kwenye kigoda. Rukia alishaniambia kwamba kila alasiri Shangazi anamuuliza mama anaona nini, na mama anamweleza: mlima, mbuzi, gari la muuguzi linateremka. Ila siku hizi Shangazi amekataa hayo. Amesema mlima anaujua, haukimbii. Anataka aelezwe ya kule.

Nikasimama nyuma yao, hawakunisikia. Mama ametazama jabali lile kavu mbele yake, anaeleza stesheni ya Tabora. Wanawake wanauza asali kwenye machupa na matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa, kwenye vikapu. Wapagazi wamelala juu ya magunia. Wao wawili wamevaa magauni ya kufanana, wamekuja kumpokea kaka yake Nasra, yaani baba yangu, anarudi kutoka Mwanza, na mama anajifanya hana haraka.

Shangazi amefumba macho, ameinua uso. Akauliza, "Treni imeshaingia?"

Mama akautazama ule mlima kwa muda mrefu.

"Bado, wifi. Ikiingia nitakwambia."